Mfuko Usio na Mwenyewe

Kama hukuzaliwa pande za Naivasha, msomaji, huenda jina la Karagita halijapata kupita masikioni mwako. Ni mji mdogo kando ya Ziwa Naivasha, katika barabara ile itokayo Naivasha mjini na kulizunguka ziwa kwa upande wa kusini, ambayo wenyeji huiita South Lake. Zamani Wamasai walilisha mifugo yao katika nchi hii, na jina la ziwa lenyewe limetoka katika neno lao la maji yanayochafuka kwa mawimbi. Baada yao walikuja walowezi na mashamba yao makubwa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka iliyofuata, yakaja maua. Maua yalitaka mikono mingi ya kupanda, kukata na kufunga, na mikono hiyo ilitoka kila upande wa Kenya ikatafuta pa kulala. Ndivyo Karagita ilivyokua, chumba kando ya chumba na ploti kando ya ploti, kabla mtu yeyote hajachora mtaro wala njia ya taka.

Ukipata nafasi ya kuupanda Mlima Longonot, ambao kimo chake ni meta 2,776, geuka utazame kaskazini-magharibi. Utaliona ziwa, na pembezoni mwake utaona kama ziwa jingine, jeupe, lililokatika vipande vipande na kung'aa juani. Maji hayo ya pili si maji. Ni mapaa ya polithini ya mabanda ya maua, ambayo siku hizi huitwa vivungulio.

Basi Karagita ni mtoto wa plastiki. Mshahara wa mkata maua hupatikana chini ya paa la plastiki, na ukienda dukani hurudi nyumbani umefungwa katika plastiki. Nalitaja jambo hili mapema ili usidhani kwamba nimeshika kalamu kuitukana plastiki. Nimeishika kukusimulia habari za mdogo wake paa lile, yaani mfuko wa kubebea, ambao twauita juala. Habari zake ni fupi. Mfuko huo ulizaliwa, ukatawala na kupigwa marufuku nchini mwetu katika muda usiozidi umri wa babu mmoja, na aliyeishi wakati huo wote anaweza kukueleza jinsi watu walivyoishi kabla yake, wakati wake na baada yake. Ni mara chache mwanafunzi wa historia kupata shahidi wa namna hiyo ameketi jikoni kwao.

Hapo kale, na hiyo kale si ya mbali, hapakuwa na mtu aliyekwenda sokoni mikono mitupu. Mwanamke wa Kikuyu au wa Kikamba alitwaa kiondo, kilichosukwa kwa katani au kwa nyuzi za magome, akakining'iniza mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya paji la uso. Mwanamke wa pwani alitwaa kikapu cha ukindu au pakacha la makuti. Maziwa yalikaa katika kibuyu, na Wakalenjini walikipaka kibuyu chao masizi ya mti waliouchagua, mpaka maziwa yakapata rangi ya majivu na ladha ambayo hata leo mtu wa Eldoret aliye ng'ambo huililia. Nyama ilifungwa kwa jani la mgomba, na baadaye kwa gazeti la juzi.

Sitaki uyaone maisha hayo kuwa ya peponi. Gazeti lililoloa damu lilipasuka njiani, na wino wake ukabaki nyamani. Kibuyu kilichoanguka kilivunjika. Kiondo kimoja kilimtaka msusi majuma mengi, na mvua ilipokikuta kina sukari ndani, sukari iliyeyuka. Plastiki ilipokuja ilipokewa kwa vigelegele, na waliovipiga hawakuwa wajinga.

Lakini nataka utazame kwa makini chombo kimoja cha wakati ule, nacho ni debe. Debe halikuwa la asili yetu. Lilikuja kutoka ng'ambo limejaa mafuta ya taa, na ujazo wake ulikuwa galoni nne, yaani kama lita 18. Kwa yule aliyelitengeneza, kazi ya debe ilikwisha mafuta yalipokwisha. Kwa maneno mengine, lilikuwa chombo cha kutumiwa mara moja tu. Watu wetu hawakukubaliana naye. Walitia debe mpini wa mti wakalichotea maji. Walilipasua na kulinyoosha wakaezekea nyumba, na mengine yakawa milango. Mafundi wa bati walilikata wakafanya vibatari, vikombe na karai za kukaangia. Hatimaye debe likaingia hata katika lugha ya biashara likawa kipimo, na mpaka leo mkulima atakuambia amevuna madebe mangapi ya mahindi ijapokuwa hajapata kuliona debe la mafuta ya taa. Vivyo hivyo mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ukawa gorogoro, nayo gorogoro ingali ikipima maharagwe katika soko la Karagita asubuhi hii.

Pamoja na debe itazame chupa ya kioo. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na soda za makampuni ya kigeni zikafuata baadaye. Vyote viwili, bia na soda, vilikwenda mpaka vijijini katika chupa ambazo mnunuzi hakuzinunua. Alinunua kinywaji tu. Chupa aliiwekea rehani, au alikunywa pale pale mbele ya duka huku mwenye duka akimtupia jicho. Mimi, niliyezaliwa miaka ya mwisho ya 1980, nakumbuka vizuri kwamba kutumwa soda ilikuwa ni kutumwa mara mbili: kwanza kutafuta chupa tupu chini ya kitanda, kisha kwenda dukani. Mtoto aliyeivunja chupa njiani alirudi nyumbani polepole sana.

Sasa jiulize ni kitu gani kilichoviunganisha vyombo hivi vyote, cha katani, cha bati na cha kioo. Havikuwa vya aina moja, wala havikutoka nchi moja. Jambo moja tu vilishirikiana, nalo ni kwamba kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Kiondo kilikuwa cha fulani binti fulani, debe la nyumba ile, na chupa ya kiwanda. Kilipopotea palikuwa na mtu wa kukiulizia.

Ili tuone jinsi chombo kisicho na mwenyewe kilivyozaliwa, hatuna budi kuiacha Naivasha kwa muda twende Ulaya na Marekani. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alifanikiwa kutengeneza bakelaiti, ambayo ndiyo plastiki ya kwanza iliyoundwa na binadamu tangu mwanzo hata mwisho bila kutegemea mti wala pembe ya mnyama. Polithini, ambayo ndiyo mama wa juala, ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa kampuni ya ICI ya Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakizigandamiza gesi kwa nguvu kubwa mno, wakitafuta jambo jingine kabisa. Walipofungua chombo chao waliona kitu cheupe mfano wa nta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kitu hicho kilitumika kuzikinga nyaya za rada, tena kwa siri kubwa. Vita vilipokwisha, viwanda vilikuwapo lakini kazi ya vita haikuwapo, na wenye viwanda wakatafuta jikoni kile walichokikosa vitani.

Usidhani kwamba watu wa huko walizaliwa wakijua kutupa. Walifundishwa. Mwaka 1955 jarida la Life la Marekani lilitoa picha ya baba, mama na mtoto wakirusha hewani sahani, vikombe na vitambaa vya kutumiwa mara moja, nyuso zao zikiwa na furaha kama za watu waliotoka kifungoni. Na jarida likaeleza kwamba vitu vile vingechukua saa 40 kuviosha, ila sasa hakuna mama wa nyumbani atakayejisumbua. Miaka kumi baadaye, mwaka 1965, kampuni ya Celloplast ya Uswidi ilipata hataza ya mfuko uliobuniwa na mhandisi wake Sten Gustaf Thulin: karatasi moja ya polithini, iliyokunjwa, ikaunganishwa kwa moto na kukatwa ili iwe na mikono miwili. Mfuko huo ndio uliokuja kutufikia. Mwanawe Thulin amesimulia kwamba baba yake aliona miti ikikatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mfuko wake wa plastiki mfukoni, umekunjwa, tayari kutumiwa tena. Kama ni hivyo, msomaji, aliyeubuni mfuko huu aliufanya kuwa kiondo chepesi. Waliougawa bure ndio walioufanya taka.

Nasema bure, na neno hilo ndilo lenye uzito katika habari hii. Hapa Kenya mfuko ulienea pamoja na supamaketi, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, kisha ukashuka kutoka supamaketi hata vibandani. Haukutajwa katika bei. Aliyenunua mkate alipewa mfuko, na aliyenunua kiberiti pia alipewa mfuko. Mama mboga alikatakata sukuma wiki na kuitia katika kijuala chepesi kama pumzi. Kwa mtu atokaye kazini saa kumi na mbili, miguu imechoka kwa kusimama siku nzima, asiyejua asubuhi kama jioni atakuwa na fedha za kununua chochote, hii ilikuwa rehema. Kikapu ni cha mtu aliyepanga kwenda sokoni. Mfanyakazi wa kibarua hapangi. Hununua cha jioni hiyo kwa shilingi za siku hiyo, kidogo kidogo, na kila kidogo kikawa na mfuko wake.

Jinsi mifuko ilivyozidi ndivyo ilivyotawanyika. Upepo wa Bonde la Ufa, ambao wewe ukaaye huku waujua, uliichukua ukaitundika juu ya miiba ya migunga. Mvua iliisukuma mitaroni, na mitaro ikaziba. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba supamaketi peke yake zilikuwa zikigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka katika Kenya. Katika mitaa isiyo na vyoo vya kutosha, kama Kibera, mfuko uligeuzwa choo ukarushwa juu ya mabati usiku. Wachinjaji nao walianza kukuta matumboni mwa ng'ombe wa mijini mabonge ya plastiki yaliyosokotana, maana ng'ombe hula chumvi na maganda yaliyomo ndani ya mfuko bila kuubagua mfuko wenyewe.

Miongoni mwa waliopaza sauti mapema alikuwa Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alikuwa amepata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mwaka 2005 alisema waziwazi kwamba mifuko myembamba yafaa ikomeshwe, na hoja yake haikuwa ya uzuri wa mandhari. Alisema mfuko uliotupwa hukinga maji ya mvua, maji hayo huzaa mbu, na mbu huleta malaria. Wengine walimcheka. Lakini mtu aliyelelewa penye mtaro ulioziba hakuona cha kuchekesha.

Serikali ilijaribu mara ya kwanza mwaka 2007, ikakataza mifuko yenye unene chini ya maikroni 30 na kuitoza ile minene kodi. Ikajaribu tena mwaka 2011, safari hii kiwango kikiwa maikroni 60. Maikroni moja ni sehemu moja katika elfu ya milimeta. Basi mfikirie askari wa baraza amesimama mbele ya kibanda cha nyanya, ameshika juala mkononi, naye yampasa aamue kama unene wake ni maikroni 29 au 31! Sheria inayotaka kipimo ambacho hakuna mtu sokoni anacho ni kama kufuli isiyo na ufunguo. Amri zote mbili zilififia, na mifuko ikazidi.

Wakati huo majirani zetu walikuwa wamekwisha kututangulia. Zanzibar iliikataza mifuko hiyo mwaka 2006. Nao ni visiwa, ambako taka ikitupwa haina pa kwenda ila baharini, kwenye samaki na kwenye fukwe ambazo wageni huzilipia. Rwanda ilifuata mwaka 2008, na haikuuliza habari ya unene. Mgeni aliyeshuka Kigali alipekuliwa mizigo yake na mfuko wake ukabaki uwanjani. Wakenya waliokwenda huko walirudi wakisimulia usafi wa barabara kana kwamba wametoka mwezini, ingawa mwendo wa kutoka Naivasha hata Kigali basi huumaliza kwa siku mbili.

Hatimaye, tarehe 28 Februari 2017, Waziri wa Mazingira, Profesa Judi Wakhungu, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba baada ya miezi sita itakuwa haramu kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mfuko wowote wa plastiki wa kubebea bidhaa, mwembamba au mnene, wenye mikono au usio na mikono. Adhabu yake ilikuwa faini ya shilingi milioni mbili hata milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja hata minne, au vyote pamoja. Chama cha wenye viwanda kilionya kwamba viwanda 176 vitafungwa na watu 60,000 watapoteza kazi. Waagizaji wa mifuko walikwenda Mahakama Kuu, na Ijumaa tarehe 25 Agosti mahakama ikalikataa ombi lao. Jumatatu iliyofuata, tarehe 28 Agosti 2017, sheria ikaanza.

Yafaa ukumbuke siku zile zilivyokuwa. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika tarehe 8 mwezi ule ule, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu iliubatilisha. Nchi nzima ilikuwa ikisikiliza redio kwa habari nyingine. Pengine ndiyo sababu mfuko uliondoka kimya kimya kuliko ilivyotazamiwa. Wiki moja ulikuwapo. Wiki ya pili mama mboga alikuwa akifunga sukuma wiki kwa gazeti, kama mama yake alivyofanya, na mteja akiiweka kwapani.

Je, ni nani aliyeulipa mzigo wa mabadiliko hayo? Swali hili haliepukiki kwa mtu akaaye Karagita. Mfuko mpya uliotokea, ule mfano wa kitambaa, uliuzwa shilingi tano, kumi au zaidi, kwa mtu ambaye pengine mboga yenyewe aliinunua kwa shilingi kumi au ishirini. Mwenye gari aliweka vikapu vitatu nyuma ya gari lake akasahau jambo hilo. Wako wasemao kwa hiyo kwamba sheria ilimwonea maskini. Mimi sikubaliani nao kabisa, wala siwakatai kabisa. Mfuko wa bure haukuwa wa bure kwake hata zamani: mtaro ulioziba ulikuwa mbele ya mlango wake, si mbele ya mlango wa mwenye kiwanda, na ng'ombe aliyekufa alikuwa ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba zamani alilipa asijue, na sasa alilipa akijua. Lakini kumtisha muuza nyanya kwa faini ya milioni nne, fedha ambazo hangezipata kwa miaka mingi ya kazi, halafu mifuko ikaendelea kupenya mipakani kwa magendo kutoka nchi jirani, ni jambo ambalo mpaka leo naona lilihitaji utu zaidi. Njia hiyo ya magendo ilipungua Tanzania Bara ilipopiga marufuku yake tarehe 1 Juni 2019.

Hata ule mfuko mfano wa kitambaa haukuwa kitambaa. Ni plastiki ya namna nyingine, ambayo nyuzi zake hazikufumwa bali ziligandishwa pamoja kwa joto. Mwanzoni ulikuwa mzito, ukidumu miezi. Ushindani ulipoingia ukafanywa mwembamba, mwembamba zaidi, mpaka ukapasuka kabla ya kufika nyumbani. Mwezi Machi 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa ilani ya kuukataza huo nao. Waona, msomaji, jinsi tabia ilivyokuwa na nguvu kuliko chombo: walibadilisha mfuko, lakini bado walikuwa wakitafuta kitu cha kutupa.

Sheria ya mwaka 2017 ilitaja mfuko, haikuitaja chupa. Na hapo turudi katika barabara ya South Lake. Kwa kuiacha barabara hiyo na kushika njia ya kusini, mtu hufika kwenye lango la Elsa la Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984. Tangu tarehe 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia katika mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi ya Kenya na plastiki ya kutumiwa mara moja, iwe chupa ya maji, kikombe, sahani au mrija. Hivyo mtalii huiacha chupa yake langoni, na punda milia hawaioni. Lakini chupa iyo hiyo yauzwa bila kosa lolote katika vibanda vya barabarani, ambako binadamu ndio wakaao. Sisemi kwamba punda milia hastahili ulinzi. Nashangaa tu mpangilio wa foleni.

Na chupa ya maji huku si anasa. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floraidi kwa wingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi hudhuru hata mifupa. Ndiyo sababu watu hununua maji ya kunywa. Wengi wa Karagita hawayanunui kwa chupa, huyanunua kwa mtungi. Nataka tuutazame mtungi huo kabla hatujaachana, ule wa manjano wa lita 20. Ni plastiki tupu. Ulitoka kiwandani umejaa mafuta ya kupikia, kama debe lilivyotoka na mafuta ya taa. Hakuna sheria inayoulinda. Hata hivyo tembea Karagita yote, kuanzia barabarani hata ufukoni, ukaniletee mtungi mmoja mzima uliotupwa. Hutaupata. Kifuniko chake kimefungwa kamba kisipotee. Ubavuni mna jina la mwenyewe, limeandikwa kwa rangi au kwa msumari wa moto. Ulipotoboka uliunguzwa kwa kisu ukaziba. Ukichakaa kabisa hukatwa ukawa beseni la kuoshea au chungu cha kupandia vitunguu. Plastiki ni ile ile, mji ni ule ule, na watu ni wale wale wanaoitwa wachafu na wapitao kwa magari.

Sheria za karibuni zimeanza kuufuata mtungi pasipo kuutaja. Mwezi Julai 2022 Kenya ilipata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na mwaka 2024 zikatolewa kanuni zinazomtaka mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa kuwajibika kwa vifungashio vyake hata baada ya kuviuza; yaani chupa ya plastiki irudishiwe mwenyewe, kama ile ya kioo ilivyokuwa naye tangu mwanzo. Mwaka huo huo wa 2024 NEMA iliamuru kwamba taka za vyakula zisikusanywe tena katika mifuko ya plastiki. Ulimwenguni jambo hili linakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Tarehe 2 Machi 2022 mataifa yaliyokutana Gigiri yalikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Yakakutana tena Nairobi mwaka 2023, Busan mwaka 2024 na Geneva mwezi Agosti 2025, wakaachana huko bila mkataba, kwa kuwa wengine walitaka utengenezaji wenyewe upunguzwe na wengine walitaka taka zisafishwe tu.

Huku nyuma, katika ufuko wa Karagita, ambako mashua za wavuvi hupumzika na viboko hutoka usiku kula nyasi, vijana hupita asubuhi na magunia kuokota chupa. Huziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma na plastiki kuukuu. Wakipita chupa zote zimekwisha, maana chupa ina bei. Vibaki ni vile vifuko vidogo vya biskuti, vya sabuni ya unga na vya peremende, vinavyonunuliwa kwa shilingi chache na watu wanaonunua kidogo kidogo. Hivyo havina anayevinunua kwa kilo, wala hapana jina ubavuni mwake ila la kiwanda, navyo vimekaa pale katika mafunjo, maji yakipanda na kushuka.